Marehemu Anapomwajiri Mpelelezi

Tajiri mmoja amekutwa chini katika chumba chake cha kusomea, kichwa kimefumuliwa kwa risasi. Silaha imetoka kwenye sefu ambayo watu wawili tu wanaweza kuifungua, yeye na mkewe. Hakuna dalili ya mgeni kuingia. Polisi wamepita, wamepima, wameandika kwamba alijiua, na jalada limefungwa. Mpaka hapo msomaji yeyote wa hadithi za upelelezi yuko nyumbani kwao. Ila mtu anayemsimulia mpelelezi mambo hayo, amesimama wima na nguo zimemkaa vizuri, ni yule yule tajiri aliyepigwa risasi. Anataka kujua ni nani aliyemuua.

Hivyo ndivyo linavyofunguka fumbo la Altered Carbon, tamthilia ya Netflix ambayo msimu wake wa kwanza, wenye vipindi 10, uliachiwa wote kwa mpigo Ijumaa ya tarehe 2 Februari 2018. Nimeangalia vinne vya mwanzo na nimejizuia kufungua cha tano. Nataka kuandika nikiwa bado simjui muuaji, kwa sababu mtu akishaujua mwisho wa hadithi ya upelelezi husahau kabisa jinsi ilivyomshika mwanzoni, na kushikwa huko ndiko ninakotaka kukuchambua.

Tuko mwaka 2384, katika jiji linaloitwa Bay City, ambalo leo ni San Francisco. Kila mtoto akitimiza mwaka mmoja hupandikizwa kisahani kwenye uti wa mgongo, chini kidogo ya kisogo. Humo ndimo inamohifadhiwa nafsi yake yote: kumbukumbu, tabia, hasira, mapenzi. Mwili ukifa, kisahani huchomolewa na kupachikwa kwenye mwili mwingine, na mtu huamka akiwa yeye. Wenyewe huuita mwili kwa neno lenye maana ya mkono wa shati. Kiswahili kina neno linalokaa vizuri zaidi, gamba, kwa kuwa nyoka akijivua gamba hubaki nyoka yule yule, na hilo ndilo dai ambalo tamthilia nzima imejengwa juu yake. Basi nitasema gamba. Kuna kifo cha gamba, ambacho ni hasara na usumbufu, na kuna kifo halisi, pale kisahani chenyewe kinapovunjwa.

Kisahani cha tajiri wetu, Laurens Bancroft, kilivunjwa na risasi ile. Mtu wa kawaida angekuwa amekwisha. Bancroft ana umri wa zaidi ya miaka 300, ana magamba yake mwenyewe yaliyooteshwa na kuwekwa tayari, na nakala ya nafsi yake hurushwa kwa setilaiti kila baada ya saa 48. Alipigwa risasi muda mfupi kabla ya nakala mpya kuchukuliwa. Akazinduka mzima, akiwa amepoteza siku mbili tu. Watu wa aina yake huitwa Meth, kifupi cha Methusela, yule wa kitabu cha Mwanzo aliyeishi miaka 969.

Mpelelezi anayepewa kazi ni Takeshi Kovacs, mwasi aliyeshindwa vita na kuhifadhiwa gerezani bila mwili kwa miaka 250. Ameamshwa ndani ya gamba la mtu mwingine, na gamba hilo lina historia yake ambayo sitaieleza hapa. Masharti ni mafupi. Akifumbua fumbo atapewa msamaha na pesa. Akikataa, anarudishwa alikotolewa.

Kuna mabishano ya zamani kuhusu aina hii ya hadithi. Isaac Asimov alisimulia kwamba John W. Campbell, mhariri aliyekuwa na nguvu kubwa katika bunilizi za kisayansi za Marekani, alimwambia kwamba upelelezi na sayansi ya kubuni haviwezi kukaa chungu kimoja. Sababu yake ilikuwa na mashiko: mwandishi akikwama, mpelelezi wake anatoa mfukoni mashine ambayo msomaji hajawahi kuisikia, mashine inamtaja muuaji, kwisha kazi. Huo ni wizi. Msomaji wa upelelezi anataka awekewe mezani kila kitu alichonacho mpelelezi, kisha aone nani atafika kwanza. Asimov alijibu kwa riwaya iliyotoka mwaka 1954, yenye askari kanzu wa jiji la baadaye na mwenzake roboti, na siri ya ushindi wake ilikuwa kuzitangaza sheria za mashine mapema, kabla mauaji hayajaanza kuchunguzwa.

Altered Carbon, iliyotokana na riwaya ya Richard K. Morgan ya mwaka 2002 na kuundwa kwa ajili ya televisheni na Laeta Kalogridis, inaiheshimu kanuni hiyo katika vipindi hivi vinne. Sheria za kisahani tunapewa mwanzoni kabisa, waziwazi. Na tazama jinsi teknolojia inavyolikaza fundo badala ya kulilegeza. Bancroft anakataa kwamba alijiua, na hoja yake ni nzuri: mtu anayejua kuwa ataamka kesho yake katika gamba jipya atajipiga risasi ili iweje? Polisi wanasema mlango haukuvunjwa na sefu haikuguswa na mgeni. Pande zote mbili zina haki. Ukitafakari kidogo utaona kwamba kitu pekee kilichopotea katika tukio lile zima ni saa 48 za kumbukumbu. Hadithi nyingi za upelelezi huuliza nani alimtaka fulani afe. Hapa inabidi tuulize nani alitaka siku mbili zifutike, na ndani ya siku hizo kulitokea nini. Kwa swali hilo peke yake ningeendelea kuangalia hata kama yote mengine yangekuwa mabovu.

Sisi tulioanza kusoma upelelezi kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tuna cha kulinganisha. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, maiti inakutwa mahali pa mzimu na watu wako radhi kabisa kuamini kwamba mzimu ndio ulioua. Bwana Msa anafika na kiko chake, anasikiliza, anachungua, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuutoa mzimu kwenye orodha ya washukiwa ili akili ya binadamu ipate nafasi. Nilipokuwa shuleni nilikisoma kitabu kile nikiwa na hofu nusu na raha nusu, na kilichonifurahisha zaidi ni ule utulivu wake: wafu wamelala, walio hai ndio wenye makosa, tuwachunguze walio hai. Sasa naangalia tamthilia ambayo mzimu umevaa suti, umekaa kwenye kiti cha ngozi, na ndio unaolipa mshahara wa mpelelezi.

Na hapo ndipo mambo yanapogeuka. Mapatano ya kale ya upelelezi ni kwamba aliyeuawa hawezi kusema, kwa hiyo lazima atokee mtu wa kumsemea. Ndiyo maana tunamvumilia mpelelezi mlevi, mkorofi, mpweke. Amebeba ulimi wa mtu ambaye hana tena ulimi. Marehemu akiweza kusema, kuajiri, kutisha na kuweka masharti, mpelelezi anageuka mtumishi tu. Kovacs mwenyewe analijua hilo. Anamtazama Bancroft kama kibarua anavyomtazama tajiri anayelia kwa kupoteza saa ya mkononi. Ni kweli amepoteza, lakini amepoteza nini hasa?

Walionyang'anywa ulimi wapo, tena wengi, na vipindi hivi vinapowageukia ndipo vinapopanda daraja.

Wa kwanza kukutana naye ni mtoto wa miaka saba. Kovacs ametoka tu kuamshwa, yuko katika ukumbi ambamo familia zinasubiri ndugu zao warudi katika magamba mapya. Baba na mama wamemsubiri binti yao aliyegongwa na gari. Serikali inadaiwa gamba kwa ajili yake kwa kuwa ni mhanga, nayo imetoa ililonalo. Anayetokea mlangoni ni mwanamke wa makamo, uso umechoka, anatetemeka, anamwita mama yake kwa sauti ya mtoto. Wazazi wanashangaa, wanalalamika, wanaambiwa kama hawalitaki watoe pesa wanunue jingine. Sehemu hiyo haichukui hata dakika mbili. Hakuna anayehutubia kuhusu umaskini, na muziki hautulazimishi kulia. Nilisimamisha kipindi nikanyamaza kidogo, kwa sababu nilielewa bei ya dunia ile kuliko ambavyo ningeelewa kwa maelezo ya saa nzima. Kifo hakijaondolewa. Kimewekewa bei, na asiyeimudu analetewa kilichobaki ghalani.

Wa pili ni msichana aitwaye Mary Lou Henchy. Maiti yake imekutwa baada ya kuanguka kutoka juu. Juu, katika jiji hili, ndiko wanakoishi matajiri: wamejenga minara iliyovuka mawingu ili wasilione jua likizuiwa na chochote, huku chini daraja la Golden Gate limejaa makontena yanayokaliwa na watu. Kuanguka kutoka juu ni ushahidi tosha wa ulikokuwa. Lakini kisahani cha Mary Lou kina alama ya dini. Kuna waumini wanaoitwa Wakatoliki Wapya, wanaoamini kwamba roho haihamishwi, mtu akifa amekufa, na wamejiwekea alama ili mtu yeyote asithubutu kuwaamsha. Kuna pendekezo la sheria namba 653, litakaloruhusu mtu aliyeuawa aamshwe atoe ushahidi hata kama ana alama hiyo.

Hebu lifikirie jambo hili kama mpelelezi. Katika jiji ambalo kila aliyeuawa anaweza kuamka na kumtaja aliyemuua, muuaji mwenye akili atamchagua nani? Atamtafuta muumini. Imani ya mtu imekuwa sababu ya kumfanya awe salama kuuawa. Sijui kama waandishi walilipanga hivyo tangu mwanzo, lakini hili ndilo wazo kali kuliko yote niliyokutana nayo katika vipindi hivi vinne, na linapendeza kwa sababu haliwafanyi waumini kuwa wajinga. Mama yake Kristin Ortega, afisa wa polisi anayemfuatilia Kovacs kila kona, ni mmoja wao. Ortega analitaka pendekezo 653 lipite ili Mary Lou aseme. Mama yake analiona kuwa ni unajisi. Wanabishana wakiwa jikoni, kama familia inavyobishana, na kila mmoja anapozungumza nilijikuta namwelewa.

Wa tatu ni Lizzie Elliot. Baba yake, Vernon, anaingia kama mshukiwa, kwani alimtumia Bancroft vitisho vya kuua. Kovacs anapomfikia anakuta mwanajeshi mstaafu ambaye binti yake aliuawa gamba, na nafsi yake imekwama mahali pa kufikirika, ikirudia hofu ile ile bila kutoka. Mke wa Vernon yuko gerezani na mwili wake umeshapewa mtu mwingine. Ato Essandoh, Mmarekani mwenye asili ya Ghana, anamwigiza Vernon kwa utulivu unaouma. Anaongea polepole kama mtu ambaye kelele zake zote ameshazimaliza. Mbele yake, fumbo la Bancroft linaonekana dogo, na nadhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Na anayekabidhiwa kumtibu Lizzie ni mwenye hoteli. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa kuwa Poe amekuwa mhusika ninayempenda kuliko wote. Ni akili mnemba inayoendesha hoteli ambayo imekosa mgeni kwa miaka mingi, na ina sura na masharubu ya Edgar Allan Poe. Katika riwaya hoteli ilikuwa na jina la mpiga gitaa Hendrix. Kalogridis aliibadilisha, na mabadiliko hayo yana maana. Poe ndiye aliyeandika, mwaka 1841, kisa cha mauaji ya mtaa wa Morgue, ambacho wengi hukihesabu kuwa hadithi ya kwanza ya upelelezi kwa namna tunayoijua. Kumweka babu wa upelelezi mapokezini, ana kiu ya mgeni mmoja tu wa kumhudumia, ni heshima nzuri kwa mababu wa kazi hii. Chris Conner anamwigiza kwa adabu iliyopitiliza, adabu ya mtu aliyekaa peke yake muda mrefu mno. Anapomsogelea Lizzie ndani ya hofu yake, taratibu, bila kumshika, nilimwona mashine anayejua subira ambayo binadamu wa jiji lile wameipoteza.

Yanayoniudhi nayo yapo. Miili ya wanawake inaonyeshwa uchi mno, na mara nyingi ikiwa imekufa. Najua hoja ya utetezi: katika dunia ambayo mwili ni vazi, mwili lazima udharauliwe machoni petu ili tuelewe. Lakini kamera ingekuwa inadharau ingepita haraka. Hii inakaa. Inazunguka. Huwezi kuniambia kwamba biashara ya miili ni uovu huku ukinipa nafasi ya mteja.

Mapigano pia yamezidi. Katika kipindi cha tatu, kwenye karamu ya Bancroft, mume na mke wanapigana hewani mbele ya wageni hadi gamba la mmoja wao life. Mshindi atapata gamba bora, mshindwa gamba duni, na nyumbani wana watoto ambao wameshazoea kuwaona wazazi wakirudi na sura nyingine. Pigano hilo lina kazi katika hadithi na lilinikaa kifuani. Mengine ni risasi na mateke tu ya kujaza saa. Kila Kovacs anapoanza kuhoji mshukiwa kwa makini, mlango unapigwa teke. Bwana Msa angeomba watu wakae chini kwanza.

Na kuna suala la uso. Kovacs alizaliwa na jina la Kijapani, na katika kumbukumbu zake tunamwona kwa sura ya Will Yun Lee. Lakini aliyeamka Bay City ni Joel Kinnaman, mrefu, mweupe, na ndiye aliyewekwa mbele ya kila tangazo. Hadithi yenyewe ina nafasi ya kulichimba jambo hili kwa kina kisicho na mfano: mtu kutazama kioo na kumwona mgeni, kugundua kwamba watu wanamjibu kwa namna ambayo hawakuwahi kumjibu. Kipindi cha kwanza kinaligusa, Kovacs anajikagua kwenye kioo kwa chuki. Baada ya hapo linasahauliwa, kana kwamba gamba jeupe ni gamba la kawaida lisilohitaji maelezo. Ni upotevu mkubwa, maana Will Yun Lee anapotokea, hata kwa muda mfupi, ana uchungu ambao Kinnaman, pamoja na juhudi zake, bado hajaufikia.

Nimeliacha kwa makusudi tukio la kipindi cha nne. Ni sikukuu ya wafu, ile inayosherehekewa na watu wenye asili ya Mexico, na Ortega ameamua kumleta bibi yake mezani. Bibi amekufa siku nyingi. Kisahani chake kipo. Gamba lililopatikana kwa usiku mmoja ni la mhalifu aliyekamatwa, mwanamume mkubwa, michoro mwili mzima. Mlango unafunguliwa, jitu linaingia, linafungua kinywa, na anayeongea ni bibi. Anawatania wajukuu, anasifia chakula, anacheka kwa kicheko ambacho familia nzima inakitambua. Watoto wanaogopa kwa muda mfupi, kisha wanamzoea. Mama yake Ortega anakataa kumtazama, baadaye anashindwa kukataa.

Bibi yangu alipofariki tulisoma hitima, na siku ya arobaini shangazi alipika pilau kwa mkono wa marehemu, yaani vile vile alivyokuwa akiipika yeye, mdalasini mwingi na moto wa mwisho juu ya kifuniko. Mjomba alionja tonge moja akasema, leo yuko hapa. Hakuna aliyeongeza neno. Kiswahili kinasema fulani amefariki, na neno hilo limetoka katika kutengana. Nikimtazama yule mwanamume mwenye michoro akiwabariki wajukuu, nilitamani kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwamba nasi tungepata usiku mmoja kama ule. Papo hapo nikamwelewa pia mama anayegeuza uso pembeni. Gamba lile lina mwenyewe, na sikukuu ikiisha lazima lirudishwe mahabusu. Familia itafiwa upya, na mwakani tena.

Vimebaki vipindi sita. Bancroft atapata jibu lake, kwa sababu amelilipia na hadithi za namna hii hulipa deni kwa mteja. Nitakifungua cha tano leo usiku, na nitakuwa nahesabu ni mara ngapi litatajwa jina la Mary Lou Henchy.